Karakana ndogo ya kuunganisha saketi bodi: kipi kinastahili hela yako, kipi kingoje

Nianze na hukumu kabisa, asiye na muda aishie hapa hapa: kama unabuni bodi zako mwenyewe na umechoka kuzituma kwa mkandarasi kila mara, hela ya kwanza iende kwenye kupaka pesti ya lehemu, ya pili kwenye oveni ya kuiyeyushia, afu mashine ya kupanga komponenti ije mwisho kabisa. Watu wengi wanafanya kinyume, yani mashine inanunuliwa kwanza kwa sababu ndo inayopendeza kwenye video, kichwa kinakimbia huku na huku kinadondosha rezista tap tap tap, kisha vingine vyote vinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Matokeo yake unakuwa na mashine nzuri inayopanga komponenti vizuri juu ya pesti mbovu, zinaenda kupikwa kwenye oveni isiyojulikana ina joto gani.

Sisi tunaendesha karakana ya aina hiyo, chumba kimoja na watu wachache, bodi za kawaida tu za tabaka mbili au nne, mikrokontrola moja, regulata, konekta kadhaa na msururu wa rezista na kapasita ndogo za saizi ya 0603 na 0402. Oda ni za bodi ishirini mpaka mia mbili hivi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa saizi hiyo, anayetengeneza maelfu kwa siku ana matatizo mengine kabisa na hela nyingine kabisa.

Na kabla hujatoa hata shilingi jiulize kama unahitaji karakana yenyewe. Mkandarasi anakutoza gharama ya kuandaa kazi bila kujali bodi ni kumi au elfu kumi, kwenye oda ndogo hiyo gharama ndo inakula faida yote, na ukibadilisha rezista moja tu kwenye mchoro unaanza upya kusubiri. Hapo karakana ya ndani inakulipa, si kwa urahisi wa bei ya kila bodi bali kwa kasi: asubuhi unapaka, mchana unapima, jioni unajua kosa liko wapi. Ila kama bodi yako ni ile ile mwaka mzima na haibadiliki, jamani mpe mkandarasi, yeye ana laini nzima na muda wako una thamani pia.

Haya, pesti.

Pesti ya lehemu ni vijipira vidogo sana vya chuma vilivyochanganywa na fluksi (kemikali ya kusafisha chuma ili lehemu ishike), kwa uzito karibu asilimia 90 ni chuma lakini kwa ujazo ni kama nusu tu, ndo maana kile unachokipaka kikishayeyuka kinanywea sana na anayeanza anadhani kapaka kidogo. Iliyo nzuri inatoka kama dawa ya meno, inajisokota mbele ya skwiji, yani kile kibao cha kuisukumia, badala ya kuteleza. Isipojisokota imekauka, itupe, usijaribu kuiongezea fluksi ya chupa ukadhani umeokoa kitu.

Aina ziko tatu kubwa za kufikiria. SAC305 ndo ya kawaida isiyo na risasi, ni bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, inayeyuka kuanzia 217°C. Ile ya zamani ya 63/37, bati na risasi, inayeyuka 183°C pale pale bila kupitia hali ya ujiuji, inang'aa, inasamehe oveni mbovu, kwa kujifunzia hakuna kama hiyo. Ila kama bidhaa yako inaenda kuuzwa Umoja wa Ulaya sahau, sheria yao ya RoHS ilianza kutumika Julai 2006 na risasi haitakiwi kuzidi asilimia 0.1 kwa uzito kwenye kila malighafi moja moja ndani ya kifaa, misamaha ipo lakini ni ya kazi maalumu. Ya tatu ni ya bismathi, bati 42 kwa bismathi 58, inayeyuka 138°C tu. Hii ni tamu kwa konekta za plastiki laini na LED zinazoogopa joto, na watu wengi wanaipenda kwa sababu hata oveni dhaifu inaimudu, lakini viungo vyake ni vikavu, kifaa kikianguka chini vinapasuka mapema kuliko SAC. Na usije ukaichanganya na risasi hata kidogo, kwa mfano komponenti za zamani zilizopakwa risasi miguuni, maana bismathi, bati na risasi pamoja vinaweza kutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye 96°C hivi. Fikiria regulata inayopata moto kidogo tu kazini halafu inajing'oa yenyewe.

Ukubwa wa vijipira nao una namba. Taipu 3 ni maikroni 25 mpaka 45, taipu 4 ni 20 mpaka 38, taipu 5 ni 15 mpaka 25. Kadiri vinavyokuwa vidogo ndo vinapita kwenye matundu madogo, lakini pia ndo vinaoksidika haraka na bei inapanda. Kwa 0402 na chipu za mguu wa milimita 0.5 (umbali wa mguu hadi mguu), taipu 4 inatosha kabisa, anayekuuzia taipu 5 kwa kazi hiyo anakuuzia sifa.

Utunzaji: friji, kati ya 0 na 10°C, na friji hiyo iwe ya karakana tu, isikae na chakula. Kabla ya kutumia itoe ikae nje imefungwa kwa muda wa saa nne hivi ipate joto la chumba, ukiifungua ya baridi unyevu wa hewa unaganda juu yake, na kwenye oveni maji yale yanachemka na kurusha vijipira pembeni ya viungo. Watu wanaruka hatua hii kwa haraka halafu wanailaumu pesti. Kwa karakana ndogo nashauri makopo madogo, hata kama bei kwa gramu ni kubwa, kwa sababu kopo kubwa litaisha muda kabla hujafika nusu.

Stensili sasa, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo roho ya kazi yote. Muulize fundi yeyote wa SMT, yani wa kulehemu komponenti juu ya uso wa bodi, kasoro nyingi zinaanzia wapi, atakuambia kwenye kupaka. Stensili yenyewe ni bati la chuma cha pua lililotobolewa kwa leza ili pesti ipite kwenye matundu na kukaa panapotakiwa tu, viwanda vingi vinavyochapa bodi vinakutengenezea pamoja na oda yako na kwa kweli ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye orodha hii ukilinganisha na faida yake. Nampa kumi kwa kumi. Zile za plastiki zinazokatwa kwa mashine za mezani zinafaa kwa bodi mbili tatu za majaribio zenye komponenti kubwa, basi.

Unene wa kawaida ni milimita 0.1, 0.12 au 0.15, na usichague kwa kubahatisha kwa sababu kuna hesabu rahisi: eneo la tundu ugawe kwa eneo la kuta zake za ndani, jibu lisishuke chini ya 0.66, likishuka pesti inabaki imeng'ang'ania kwenye stensili badala ya kushuka kwenye pedi, yani kile kipande cha shaba ambacho komponenti inalehemiwa. Mfano tundu la mraba la 0.3 kwenye stensili ya 0.12 linatoa 0.625, halifiki, utapata madoa na nafasi tupu. Tundu hilo hilo kwenye 0.1 linatoa 0.75, safi. Ndo maana sisi tunaagiza 0.1 karibu kila mara, na kwa konekta kubwa zinazohitaji lehemu nyingi tunaacha tundu liwe kubwa kuliko pedi kidogo.

Kitu kingine ni zile chipu zenye pedi kubwa tumboni, QFN. Ukiacha stensili ifungue pedi nzima, pesti inakuwa nyingi, chipu inaelea juu ya dimbwi na miguu ya pembeni haigusi. Gawa tundu liwe madirisha madogo madogo, jumla ifunike kama asilimia 50 mpaka 80 ya pedi. KiCad, programu ya kubuni bodi, inakuruhusu kuchora hayo mwenyewe kwenye futiprinti (mchoro wa pedi za komponenti) na baadhi ya futiprinti zake zimeshagawanywa tayari, kazi ya dakika chache inayokuokoa kushika bunduki ya hewa moto baadaye.

Sasa kifaa cha kupakia. Njia ya bure ni kuzungushia bodi yako vipande vya bodi chakavu vyenye unene ule ule, mara nyingi milimita 1.6, vinate mezani kwa tepu, stensili unaibandika upande mmoja iwe kama inafunguka kwa bawaba. Inafanya kazi, na kwa bodi tano sioni sababu ya kununua chochote. Ukifika bodi ishirini unaanza kuchoka kulenga kila mara, hapo nunua printa ya mkono ya kupakia pesti. Za bei ya chini ziko nyingi na nyingi zinafanana, tofauti iko kwenye mambo mawili tu: je fremu inabaki imara ukisukuma skwiji, au inacheza? Na je inainuka wima au kwa bawaba? Ile ya bawaba inainua upande mmoja kwanza na pesti ya upande wa pili inaburutwa kidogo, kwenye 0603 huoni shida, kwenye miguu ya milimita 0.5 unaona madaraja, yani lehemu inaunganisha miguu isiyotakiwa kuungana. Yetu ni ya bawaba, ina skrubu za kurekebisha X, Y na pembe, nampa saba kwa kumi, ningekuwa nanunua leo ningeongeza hela nipate ya kuinuka wima. Skwiji iwe ya chuma, shika kama nyuzi 45 mpaka 60, mkono mmoja mfululizo bila kusimama njiani. Kadi za plastiki zinajikunja ndani ya matundu makubwa na kuchota pesti. Baada ya bodi kadhaa futa chini ya stensili kwa kitambaa kisicho na vumbi na alkoholi ya isopropili, ukiona pesti imeanza kutambaa pembeni ya pedi ujue umechelewa kufuta.

Ukipaka vibaya usibahatishe, osha bodi uanze tena. Kuosha ni dakika mbili, kurekebisha madaraja kumi chini ya maikroskopu ni nusu saa.

Oveni. Hapa soko limejaa vitu vya ajabu. Kundi la kwanza ni oveni za droo za taa za infraredi, ndogo, nafuu, kila mtu amewahi kuziona. Tatizo la infraredi ni kwamba vitu vyeusi vinanyonya joto kuliko vinavyong'aa, basi chipu nyeusi inaiva wakati konekta ya chuma pembeni bado mbichi, na katikati ya droo kunatofautiana na kona kwa nyuzi nyingi. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo, jina la mtengenezaji naliacha, ndani walikuwa wameshikiza sufi ya kuzuia joto kwa tepu ya karatasi isiyo ya joto, ikawa kila ukiwasha chumba kinanuka karatasi inayoungua mpaka tukaibandua yote na kuweka tepu ya poliimaidi. Skrini yake ikisema 240 kwenye bodi ilikuwa kitu kingine. Nne kwa kumi, na hizo nne ni kwa sababu ukiipima na kuijua tabia zake inaweza kutoa bodi nzuri ukiweka bodi ndogo moja katikati.

Ndo maana nasema kabla ya oveni nunua kipimajoto chenye termokapo (waya za kuhisi joto) nyembamba za taipu K, mbili au zaidi, uzibandike juu ya bodi chakavu yenyewe, moja karibu na komponenti kubwa na nyingine kwenye kona, upike bodi hiyo uone mchoro wa joto. Kwa SAC305 unataka kupanda taratibu, isizidi nyuzi 3 kwa sekunde, ukae kati ya 150 na 200 kwa dakika moja mpaka mbili fluksi ifanye kazi yake na bodi nzima ilingane, kisha upande mpaka kilele cha 235 hadi 245, na muda wa kuwa juu ya 217 uwe sekunde 45 mpaka 90. Kushuka nako kusiwe kwa ghafla. Oveni inayoshindwa kufuata mchoro huo kwenye bodi yako halisi haikufai, hata kama tangazo lake lina picha ya mchoro mzuri. Na ukibadilisha bodi, kubwa au yenye shaba nyingi, pima tena, mchoro wa bodi moja hauhamii kwenye nyingine.

Kundi la pili ni zenye feni, zinazosukuma hewa moto. Hizi ndo napendekeza kwa karakana ndogo, hata zile za mezani zenye chumba kimoja, joto linalingana zaidi na rangi ya komponenti inakuwa si hoja sana. Tuliyonayo sasa ni ya hivyo, nampa nane, mbili nimezipunguza kwa sababu inachelewa kupoa kati ya bodi na bodi na ukiwa na paneli (bodi kadhaa zilizoachwa zimeungana) ishirini unakaa unaiangalia tu. Kuna wanaochukua oveni ndogo ya mkate na kuifungia kidhibiti chao, na kwa mtu mwenye mikono mizuri inaleta matokeo ya kuheshimika, ila ikishapika pesti isirudi jikoni tena milele.

Kundi la tatu ni la mvuke. Unachemsha kimiminika maalumu, Galden ndo jina linalosikika sana, kuna cha kuchemka kwenye 230°C, bodi inaingia kwenye mvuke na mvuke unageuka kimiminika tena juu yake ukitoa joto. Uzuri wake ni kwamba bodi haiwezi kupita 230 hata ukiisahau, hakuna oksijeni, na komponenti nyeusi na nyeupe zote zinapata joto sawa. Kwa ubora wa viungo sijaona kinachoishinda kwa saizi hii. Lakini kimiminika ni ghali na kinapungua kidogo kidogo, na kikipashwa kupita kiasi kinatoa gesi za sumu kwa hiyo vyombo vya kujitengenezea nyumbani sivipendi hapa. Tena joto linapanda haraka, komponenti ndogo zinaweza kusimama wima, yani upande mmoja unayeyuka mapema, lehemu inavuta, kapasita inasimama kwa mguu mmoja.

Na bamba la moto la kawaida? Dogo, nafuu, kwa bodi za upande mmoja au zile za aluminiamu za LED ni zuri mno, unaiona lehemu ikiyeyuka kwa macho yako. Bodi yenye komponenti pande mbili haikai hapo.

Chochote utakachochagua weka feni ya kutoa moshi nje ya chumba. Moshi wa fluksi yenye rosini unajulikana kuleta pumu kwa wanaouvuta kila siku, sio harufu tu ya kukuudhi.

Tumefika kwenye mashine sasa. Tupige hesabu kwanza. Bodi ishirini zenye komponenti 80 kila moja ni komponenti 1,600. Mtu mwenye kibano kizuri, anayejua anachofanya, akitumia sekunde kumi kwa kila moja ni saa nne na nusu hivi. Mashine iliyoandikwa inapanga 4,000 kwa saa, tuseme kwa hali halisi inafanya nusu yake, itamaliza chini ya saa moja. Inaonekana imeshinda sivyo? Ila bodi ina aina 25 za komponenti, na kila rili, yani roli la tepu yenye komponenti, lazima ifungwe kwenye fida inayoilisha mashine, filamu ya juu ivutwe, urefu wa hatua kati ya komponenti na komponenti uwekwe, nozeli (ncha ya kunyonyea komponenti) ichaguliwe, urefu wa kuchukua upimwe. Hiyo ni asubuhi nzima imeondoka kabla hata rezista moja haijakaa. Kwenye bodi mia mbili asubuhi hiyo haiumi, kwenye ishirini inauma.

Kwa hiyo chini ya bodi thelathini hivi sisi bado tunapanga kwa mkono zile kazi mpya. Kuna programu jalizi ya KiCad inaitwa InteractiveHtmlBom, inakutolea ukurasa mmoja, unabonyeza 100 nanofaradi na sehemu zote za kapasita hiyo zinawaka kwenye picha ya bodi, unaweka alama ukimaliza. Ya bure, na kwa kusema kweli imeokoa muda kuliko vifaa vingi vya kulipia humu. Kalamu ya kunyonya kwa pampu nayo ipo, kwa IC, yani chipu, inasaidia, kwa 0402 mi narudi kwenye kibano.

Ukishaamua unahitaji mashine, usiangalie kasi. Angalia kamera. Lazima iwe na ya kutazama chini ili isome alama za kulenga kwenye bodi, na ya kutazama juu ili ione komponenti jinsi ilivyokaa kwenye nozeli, irekebishe iliyopinda kabla ya kuishusha. Zisizo na kamera ya kutazama juu zinafaa kwa rezista, kwa chipu ya mguu wa milimita 0.5 utakuwa unabahatisha. Halafu angalia fida, kwa sababu fida ndo bei halisi ya mashine. Zile ambazo kichwa chenyewe kinavuta tepu kwa sindano ni nafuu, zinapunguza kasi na zinakwama, zenye mota zake ni raha ila kila moja ni hela na utahitaji nyingi. Ukiona mashine ya bei rahisi uliza fida zake ishirini ni bei gani, ndipo ulinganishe.

Jambo ambalo halionekani kwenye video ni tepu fupi. Tepu ya milimita 8 yenye hatua ya 4 inapoteza komponenti 25 kwenye kila sentimita 10 za kuanzia, sasa wewe umeagiza kipande cha komponenti mia, robo imekwenda kabla fida haijaanza. Rezista si neno, lakini kwa IC za bei hutaki. Hapo zile reli za kuchapa kwa printa ya 3D, unazoweka kipande cha tepu wazi na mashine inatembea juu yake, ni suluhisho zuri, programu huria ya OpenPnP inazijua na inatafuta matundu ya tepu kwa kamera. OpenPnP kwa ujumla naipenda, inaendesha mashine za kujitengenezea na baadhi ya zile za dukani pia, na kuna LumenPnP ambayo ni mashine huria kabisa, michoro iko wazi, unaweza kuirekebisha mwenyewe. Ila nikuonye, OpenPnP inataka mtu wa kukaa nayo, ina mipangilio mingi ajabu, kama huna mtu wa kupenda hayo kwenye timu yako chukua mashine iliyofungwa yenye programu yake uvumilie mapungufu yake.

Kilichobadilisha maisha yetu hata hivyo si mashine, ni uamuzi kwenye michoro. Tulikaa tukachagua orodha fupi: kilo-ohmu 10, kilo-ohmu 1, nanofaradi 100, maikrofaradi 10, LED moja, diodi moja, na kadhalika, zote saizi moja, zikafungwa kwenye fida na hazitoki. Bodi mpya inayobuniwa lazima ianze na orodha hiyo, mbuni akitaka kilo-ohmu 9.1 aeleze kwa nini, mara nyingi anaishia kuweka 10. Sasa kazi mpya inahitaji kubadilisha fida tano sita badala ya 25, na hapo ndo mashine ilianza kulipa hata kwenye oda ndogo. Na rili za kudumu zinanunuliwa nzima, 0603 ya rezista inakuja 5,000, hutafikiria tena kwa muda mrefu.

Pembe za komponenti zitakusumbua, hilo lijue mapema. Faili la nafasi linalotoka KiCad linasema chipu iko nyuzi 90, lakini sifuri ya mchoraji wa futiprinti na sifuri ya jinsi ilivyolala kwenye tepu ni vitu viwili. Kila komponenti mpya hakiki kwa macho. Dawa ni bodi ya kwanza kuifunika kwa tepu ya kunata pande mbili badala ya pesti, mashine ipange kila kitu, uangalie diodi zote na nukta ya mguu wa kwanza wa kila IC, ukiridhika ndo ufungue kopo. Alama za kulenga weka duara la shaba la milimita 1 lenye eneo lisilopakwa rangi kulizunguka, tatu kwa paneli, na acha ukingo mtupu wa milimita 5 au zaidi pembeni mashine ipate pa kushika.

Vya pembeni haraka haraka. Mkeka na kamba ya mkononi ya kuzuia umeme tuli, ile yenye rezista ya mega-ohmu 1 ndani kwa usalama wako, ni vya lazima na si ghali. Unyevu watu wanausahau: chipu nyingi zina daraja la unyevu kwenye mfuko wake, daraja la 3 linaruhusu saa 168 nje ya mfuko kwenye chumba kisichozidi 30°C na unyevu wa asilimia 60, zikipita zinatakiwa kuokwa kwanza maana maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke kwenye oveni na kupasua chipu. Kuoka kwa 125°C ni kwa zilizo kwenye trei za kustahimili joto, tepu na rili za plastiki zitaharibika, hizo zinaokwa kwa joto la chini na siku nyingi. Rahisi zaidi nunua kabati kavu, au hata ndoo yenye mfuniko mzuri na jeli ya silika na kadi ya kuonyesha unyevu.

Maikroskopu ya macho mawili kumi kwa kumi, usinunue ile ya skrini ya bei ndogo yenye picha inayochelewa, mkono wako unaenda mbele ya macho ukishika chuma cha lehemu. Mashine ya kukagua kwa kamera bado hatujanunua na kwa oda zetu sioni haja. Chipu za BGA tunaziepuka kwenye michoro, viungo vyake viko chini ya chipu na bila eksirei unaziamini tu.

Konekta za miguu ya kupenya bado ni mkono na chuma cha lehemu. Hapo hakuna hadithi.

Mwisho, siku unayoagiza mashine agiza na nozeli za akiba za saizi ndogo, angalau mbili mbili, pamoja na vichujio vya pampu ya hewa. Nozeli ya 0402 inaziba kwa punje moja ya pesti, na kama huna ya pili karakana yote inasimama ikisubiri kifurushi kisichozidi gramu kumi.